NAKALA MOJA HAITOSHI: SOMO LA KUHIFADHI KAZI ZETU



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi, na wazazi wetu mnaolisoma jarida hili nyumbani pamoja na watoto, somo letu la mwaka huu si la fiqhi wala la tajwidi. Tumeona tuandike juu ya jambo ambalo kila mwaka linatutoa machozi wakati wa matayarisho ya Maulidi na ya mahafali, nalo ni kupotea kwa kazi ambazo wanafunzi wamezitunga kwa mikono yao na vichwa vyao. Tunakusudia kaswida mlizotunga wenyewe, mashairi, hotuba za mashindano, rekodi za kisomo, michoro ya khati na picha za shughuli zetu. Zamani kazi hizo zilikaa katika daftari. Siku hizi takriban zote zimo ndani ya simu, na mara nyingi simu yenyewe ni ya mama au ya kaka.

Daftari likilowa mvua huanikwa juani, na hata wino ukitapakaa utasoma neno hapa na neno pale. Faili la kwenye simu haliko hivyo. Likiharibika, mara nyingi halifunguki kabisa, na simu iliyoibiwa huondoka na vyote kwa mara moja. Hivyo basi yatupasa tujue namna ya kujikinga.

WALIOTUTANGULIA WALIFANYAJE

Kila mwanafunzi wa darasa la sira anaijua vita ya Yamama, iliyopiganwa katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar (R.A.), baina ya mwaka wa 11 na wa 12 Hijria, yaani mwaka 632 hadi 633. Waliuawa humo mahafidhi wengi. Sayyidna Umar (R.A.) akaingiwa na hofu, akamwendea Khalifa kumshauri kwamba Qur'ani ikusanywe pamoja, kwani iliyohifadhiwa vifuani yaweza kuondoka na wenye vifua. Kazi ile alipewa Zaid bin Thabit (R.A.), kijana aliyekuwa mwandishi wa wahyi. Akaikusanya kutoka katika makuti ya mitende, vipande vya mawe, mifupa na ngozi, na kutoka vifuani mwa watu. Imepokewa kuwa hakuwa akikubali kilichoandikwa mpaka kishuhudiwe na watu wawili. Kurasa zile zikakaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa bintiye, Mama wa Waumini Hafsa (R.A.).

Ulipofika ukhalifa wa Sayyidna Uthman (R.A.), watu wa miji ya mbali walianza kuhitilafiana katika kisomo. Hudhaifa bin al-Yaman (R.A.) akaja na khabari hiyo, na Khalifa akaagiza kurasa za Hafsa zinakiliwe. Nakala zikapelekwa miji mikubwa kama Kufa, Basra na Sham, na moja ikabaki Madina. Wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu idadi yake. Lengo lake lilikuwa kuwaunganisha Waislamu juu ya msahafu mmoja, lakini angalieni pia namna ilivyofanywa: vifua, na maandishi, na miji mbalimbali. Mji mmoja ungeungua, mingine ingebaki.

Hatulinganishi maneno ya Allah na kaswida zetu, na asije mtu akatusingizia hivyo. Tunachukua adabu ya kazi tu.

Wanavyuoni waliokuja baadaye waliiendeleza adabu hiyo katika vitabu vyao. Mwanafunzi akishanakili kitabu, hakuhesabiwa kuwa amemaliza. Aliketi mbele ya shekhe au mwenziwe, mmoja akasoma asili na mwengine akaangalia nakala, neno kwa neno. Kitendo hicho huitwa muqabala. Likumbukeni neno hilo kwani tutalirudia.

MASHAIRI YA MUYAKA

Tuje kwetu pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi takriban baina ya mwaka 1776 na 1840, na hakuna msomi wa ushairi wa Kiswahili asiyemtaja. Lakini Muyaka hakuacha diwani aliyoipanga mwenyewe. Mashairi yake yalibaki katika ndimi za watu na vikaratasi vya hapa na pale. Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, naye pia wa Mombasa, ambaye katika karne ya 19, miaka mingi baada ya kufa kwa mshairi, aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka na kuyaandika. Mmisionari wa Kiingereza, W. E. Taylor, alishirikiana naye na kuyahifadhi, na karatasi hizo leo zimo katika maktaba ya chuo cha SOAS, London. Diwani ya Muyaka ilipigwa chapa Johannesburg mwaka 1940, takriban miaka mia baada ya yeye kufariki.

Sisi tunayasoma leo kwa sababu ya mtu mmoja aliyekubali kuchoka. Yale yaliyokuwa kwa wazee waliokufa kabla ya Mwalimu Sikujua kuwafikia, hayo yamekwenda nao kaburini.

Na si ya mdomoni tu yanayopotea. Mwaka 1992, katika vita ya Bosnia, Taasisi ya Mashariki ya Sarajevo ilipigwa mizinga ikaungua, na maelfu ya miswada ya Kiarabu, Kituruki na Kiajemi yakawa majivu. Timbuktu, Mali, makundi yenye silaha yalipouteka mji mwaka 2012, wenye maktaba na jamaa zao walitia miswada masandukuni wakaitorosha kwa magari na madau mpaka Bamako. Mwezi wa Januari 2013 makundi yale yalipokuwa yakikimbia, yalichoma takriban miswada 4,000 iliyokuwa imebaki katika taasisi ya Ahmed Baba. Sehemu kubwa ya hazina ya mji ilisalimika kwa sababu ilikuwa imekwishahamishwa.

LILILOMPATA MWENZENU

Yuko mwanafunzi wetu mmoja, hatutamtaja jina, ambaye bibi yake alikuwa hodari wa tenzi. Tenzi zile bibi alizipokea kwa mama yake, na hazikuandikwa popote. Kwa muda wa mwezi mzima wa Ramadhani mjukuu alikuwa akikaa naye baada ya futari, akimrekodi kwa simu. Rekodi zilifika kumi na moja. Katika mwezi wa Mfunguo Tatu bibi akafariki, Allah amrehemu. Haikupita miezi miwili, simu ikachopolewa ndani ya daladala.

Mtoto yule hakuililia simu. Simu ilinunuliwa nyingine.

Katika rekodi zile kumi na moja, moja ipo mpaka leo. Ipo kwa sababu shangazi yake anayeishi Muscat aliomba kusikia sauti ya mama yake, na mtoto akamtumia kwa WhatsApp. Shangazi akaihifadhi. Kumi zilizobaki zilikuwa mahali pamoja tu, basi zikaondoka pamoja. Tumeomba ruhusa ya familia kuyaandika haya, na wametukubalia kwa sharti kwamba yawafae wengine.

TATU, MBILI, MOJA

Wapiga picha na mafundi wa kompyuta wana kanuni wanayoiita tatu-mbili-moja. Aliyeieneza ni mpiga picha wa Kimarekani, Peter Krogh. Maana yake ni kwamba kazi yako iwe na nakala tatu kwa jumla, ukiihesabu na ile ya asili. Nakala hizo ziwe katika aina mbili za vyombo. Na angalau moja iwe nje ya nyumba yako.

Kwa nini tatu? Kwa sababu ukiwa na mbili, siku moja inapoharibika unabaki na moja, na hapo ndipo watu huharakisha kunakili, mkono unatetemeka, wanafuta badala ya kunakili. Kwa nini vyombo viwili? Kwa sababu kila chombo kina ugonjwa wake. Diski ya nje ya zile za zamani ina sahani inayozunguka ndani, ikianguka mezani yaweza kufa palepale. Flashi haina kinachozunguka, lakini ikiwekwa sandukuni miaka mingi bila kuchomekwa yaweza kupoteza kilichomo. CD mnazozichoma wenyewe zina rangi inayofifia kwa joto na mwanga, na wengi wenu hamna tena kompyuta yenye mlango wa CD. Wazazi wenye CD za harusi za miaka ya 2000 na mikanda ya video wazihamishe sasa, kabla mashine za kuzisomea hazijaadimika.

Na kwa nini moja iwe nje ya nyumba? Moto, mafuriko na mwizi haviulizi kama nakala iko chumba cha pili. Hapa pana kosa tunaloliona kila siku: mwanafunzi ana flashi, lakini ameifunga pamoja na funguo, na funguo zimo katika mkoba uleule wenye simu. Hizo hesabuni kuwa nakala moja.

Msidhani kuwa kanuni hii ni ya matajiri. Kaswida moja iliyorekodiwa kwa simu haifiki hata sehemu ndogo ya flashi ya GB 16. Mashairi ndiyo mepesi zaidi, kwani diwani nzima ya maandishi matupu ni ndogo kuliko picha moja ya simu za leo. Nakala ya kwanza iko kwenye simu. Ya pili iwe kwenye flashi inayokaa kabatini nyumbani. Ya tatu iwe kwa ami, au kwa khalati, au hapa madrasa, au kwenye hifadhi ya intaneti.

Tahadhari juu ya flashi za bei ya kutupa. Zipo za uongo zilizoandikwa GB 64 ilhali ndani yake ni GB 8. Ukizijaza hazilalamiki, zinapokea tu, kisha mafaili ya mwisho hayafunguki. Ukinunua, ijaze kwanza kwa vitu visivyo na thamani, halafu fungua vile ulivyovitia mwisho.

Na sisi watu wa pwani tuna adui mwengine, unyevu na chumvi ya bahari. Flashi ikae ndani ya kopo linalofungwa vizuri, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya maji vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Isikae dirishani, wala juu ya redio.

HIFADHI YA INTANETI

Watu huiita wingu, na jina hilo limewapoteza wengi wakadhani faili liko hewani. Liko ndani ya kompyuta ya mtu mwengine, katika jengo lenye milango na paa. Mwezi wa Machi 2021 jengo moja la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na wateja waliokuwa na nakala humo tu wakapoteza. Mwaka 2019 mtandao wa MySpace, ambao wasanii wengi wa dunia walikuwa wakiweka nyimbo zao, ulitangaza kuwa nyimbo na picha za zamani zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Ilikuwa ni kazi za takriban miaka kumi na miwili, kuanzia 2003. Wako waliokuwa hawana nakala nyingine.

Hatusemi msiitumie. Itumieni, kwani kwa mwanafunzi asiye na ami mwenye kabati ndiyo njia rahisi ya kuwa na nakala mbali na nyumbani. Lakini ihesabiwe kuwa ni nakala moja katika tatu.

Yapo mambo ya kuangalia. Akaunti hufunguliwa kwa namba ya simu, na laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, kisha namba yaweza kupewa mtu mwengine. Basi wekeni pia baruapepe ya mzazi katika akaunti, na nywila iandikwe katika daftari la nyumbani, si kwenye simu ileile. Google wana kanuni tangu Desemba 2023 kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Kwa hiyo ingieni angalau kila mwaka.

Jambo la pili linawachanganya hata watu wazima. Ipo tofauti baina ya kulinganisha na kuhifadhi. Programu nyingi kazi yake ni kuifanya simu na wingu vifanane. Ukifuta picha kwenye simu, nayo kule inafutwa. Hukaa katika kapu la taka kwa siku kadhaa, kisha basi. Na mdogo wako akiichezea simu akaharibu faili, ubovu huo nao hunakiliwa kwa uaminifu mkubwa.

Kuhusu WhatsApp, ilimfaa mwenzenu, lakini haikuwekwa kwa kazi hiyo. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Mchoro wa khati ulioupiga vizuri utafika mistari yake imevurugika. Ukilazimika, itume kama hati, itafika kama ilivyo. Halafu anayeipokea aitoe humo aiweke mahali pake.

Wazazi nao tuna neno nao. Picha za familia, hasa za mabinti na za wanawake wakiwa harusini, zisiingie kwenye akaunti ambayo nywila yake inajulikana na nusu ya mtaa. Kwa picha hizo diski mbili, moja nyumbani na moja kwa ndugu mwaminifu, ni bora kuliko wingu lililo wazi. Huo ndio mtazamo wetu, na wako walimu wenzetu wanaoona vingine.

TURUDI KWENYE MUQABALA

Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni iitwayo Toy Story 2. Siku moja mtu aliingiza amri ya kufuta mahali pasipostahili, na wafanyakazi wakaona mbele ya macho yao vikaragosi vinatoweka kimoja baada ya kimoja. Sehemu kubwa mno ya filamu ilifutika. Wakasema, hakuna shida, tuna nakala kwenye mikanda. Walipozirejesha wakakuta nakala zile zina kasoro, kwani utaratibu wa kunakili ulikuwa umeharibika tangu wiki kadhaa na hakuna aliyejaribu kufungua kilichonakiliwa.

Filamu iliokolewa na mama mmoja mfanyakazi, Galyn Susman. Alikuwa amejifungua, hivyo akifanya kazi nyumbani, na kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Waliifuata kwa gari, wakaifunga mablanketi kama kitoto kichanga. Baadaye kampuni iliamua kuitengeneza upya sehemu kubwa ya filamu kwa sababu nyingine, ila hilo ni habari mbali.

Kampuni tajiri, yenye mafundi wa kila aina, ilikosa muqabala. Ninyi msikose. Ukishanakili, fungua kile ulichokinakili, tena kifungue kwenye chombo kingine. Sikiliza kaswida mwanzo, katikati na mwisho. Angalia idadi ya mafaili, huku arobaini na kule arobaini. Fanyeni hivyo kila baada ya miezi michache, mathalan Rajabu na Mfunguo Tatu, ili isisahaulike.

Nakala ya kabati isikae imechomekwa kwenye kompyuta siku zote. Vipo virusi vya kompyuta ambavyo hufunga mafaili yote kwa kufuli ya siri kisha vikadai fedha, kama kile kilichoenea dunia nzima mwezi wa Mei 2017, nchi nyingi zikaathirika, hata hospitali za Uingereza zikakwama. Virusi hivyo hufunga na kila diski vinachoikuta imechomekwa. Iliyo kabatini havifiki.

Kisha majina. Tumepokea flashi yenye mafaili sitini yaitwayo Rekodi 001 hadi Rekodi 060. Nani atakaa azisikilize zote? Andika jina la kazi, mtunzi, mwezi na mwaka, mfano kaswida-maulidi-darasa-la-nne-1446. Miaka ishirini ijayo hutakuwepo karibu kuwaeleza.

Na wenye mashairi, yaandikeni pia kwa wino katika daftari. Karatasi haitaki umeme wala nywila, na miswada ya wazee wetu wa Pate na Lamu imeishi karne kadhaa kwa karatasi na wino tu, pale ilipopata wa kuitunza.

KAZI YA LIKIZO

Kila mwanafunzi kuanzia darasa la tatu achague kazi tano ambazo zikipotea hawezi kuzitunga tena. Aandike katika daftari kila moja ina nakala ngapi na ziko wapi. Ambaye ana bibi au babu anayejua utenzi, kisa cha ukoo au kaswida ya zamani, aombe ruhusa yake kwanza, amrekodi, na siku ileile afanye nakala ya pili kabla hajalala.

Madrasa imetenga kompyuta moja na diski mbili kwa ajili hii. Diski moja itakaa ofisini na ya pili nyumbani kwa mmoja wa wajumbe wa kamati. Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua, kuanzia baada ya sala ya alasiri, njooni na simu zenu, nyaya zake na flashi mkiwa nazo. Wasichana watahudumiwa na mwalimu wao katika chumba cha juu. Wasio na simu walete daftari, tutalipiga picha ukurasa kwa ukurasa.